Nimeolewa, pasipoti bado ina jina la baba: nitapanda meli kwa jina gani?

"Hujambo mtaalamu. Nilifunga ndoa ya kanisa Aprili mwaka huu hapa Nairobi na cheti cha ndoa ninacho. Mume wangu amelipia safari ya meli ya kitalii ya siku saba, ndiyo fungate tuliyoiahirisha. Tunapanda Barcelona mwanzoni mwa Desemba, tunapitia Marseille, Genoa, Naples, Palermo na Tunis, kisha tunarudi Barcelona. Pasipoti yangu ina majina ya kuzaliwa na itaisha 2029. Alipojaza fomu ya safari, mume wangu aliniandika kwa jina lake la ukoo. Mwezi uliopita nami nilienda Huduma Centre kubadilisha kitambulisho nichukue jina hilo, sasa nina karatasi ya kusubiri tu. Wakala wetu anasema nisijali, nibebe cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha ndoa, meli itanipokea. Shangazi anasema mwanamke akishaolewa pasipoti ya jina la babake si halali tena. Rafiki wa kazini ananishauri niripoti imepotea ili nipewe mpya upesi. Viza hatujaomba. Zimebaki wiki 11. Nifanye nini?"

Dada, kwanza hongera kwa ndoa. Pili, pole kwa ushauri wa pande tatu usiopatana hata kidogo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako hunijia kila mwaka harusi za Aprili na Agosti zikipita, na kwa sababu katika hao watatu waliokushauri, hakuna aliyekwambia lililo sahihi. Mmoja wao amekushauri jambo linaloweza kukuharibia safari hii na nyingine nyingi zijazo.

Jibu langu ni hili: safiri na pasipoti uliyo nayo, yenye jina la babako, na urekebishe fomu ya meli na tiketi za ndege zifuate pasipoti hiyo, herufi kwa herufi. Usiombe pasipoti mpya sasa. Ukirudi Desemba, badilisha kila kitu kwa utulivu.

Sasa nieleze kwa nini, maana najua ukimpelekea shangazi jibu fupi hivyo hataridhika.

Nianze na yeye, kwa heshima. Pasipoti ya jina la baba haikufa siku ulipofunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 haimlazimishi mwanamke wa Kenya kuchukua jina la mumewe. Ni hiari yako, na wanawake wengi wameolewa miaka nenda miaka rudi wakiwa na majina yao ya kuzaliwa kwenye kila hati. Pasipoti hubaki halali hadi tarehe yake ya mwisho, au hadi Idara ya Uhamiaji iifute, au hadi wewe mwenyewe uiripoti kuwa imepotea. Ndoa haimo katika hayo. Kwa hivyo ukisimama mbele ya afisa pale uwanja wa ndege wa JKIA na pasipoti ya jina la babako, pete ikiwa kidoleni, hujadanganya mtu. Ndilo jina serikali ilikuandikia katika hati hiyo, na halijabadilishwa humo.

Sasa wakala. Ushauri wake hakuutunga, ila ameuchukua mahali usipohusika. Raia wa Marekani wanaopanda meli katika bandari ya Marekani na kurudi bandari ile ile baada ya kuzunguka visiwa vya Karibiani wanaruhusiwa, chini ya kanuni za mipaka zilizoanza kutumika Juni 2009, kurudi kwao kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho chenye picha, bila pasipoti. Hapo ndipo cheti cha ndoa kina kazi kubwa: cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, leseni ya kuendesha gari ina jina la mume, na cheti cha ndoa kinaunganisha viwili hivyo. Ukitafuta kwenye intaneti habari za jina la ndoa na safari za meli, karibu kila unachokutana nacho kimeandikiwa watu hao. Wewe si raia wa Marekani na meli yako haitoki Miami. Mkenya anayepanda meli Barcelona anahitaji pasipoti na viza ya Schengen, yaani ya lile kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Cheti cha kuzaliwa cha Kenya hakitakupitisha hata kaunta ya ndege hapa Nairobi, sembuse ya meli kule.

Na rafiki wa kazini. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kuripoti kwamba pasipoti imepotea ilhali iko kwenye droo ni uongo kwa polisi na kwa Uhamiaji, na ni kosa la jinai. Hilo peke yake latosha. Lakini kuna jingine ambalo wengi hawalijui: Interpol, shirika la kimataifa la polisi, ina kanzidata ya hati za kusafiria zilizoibwa au kupotea, iliyoanzishwa 2002, ambayo mataifa hupeleka humo nambari za pasipoti na maafisa wa mipaka huzisaka kwa mashine. Nambari ikishaingia humo, kuiona tena pasipoti yako chini ya nguo hakusaidii kitu. Mtu akisafiri nayo anaweza kuzuiliwa uwanja wa ndege wa ugenini huku akieleza kwamba "niliipata". Na ukienda kuomba viza, swali la kama umewahi kupoteza pasipoti huweza kuulizwa, nawe utajikuta unaendeleza uongo wa kwanza kwa wa pili. Usithubutu.

Tuje kwenye kiini, yaani jinsi jina lako linavyosafiri hata kabla wewe hujasafiri. Ukilielewa hili hutahitaji mtaalamu tena.

Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi zilizobanana, kila mmoja una nafasi 44. Hiyo ndiyo sehemu inayosomwa na mashine, na imepangwa kwa kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ili pasipoti ya Kenya isomeke vile vile Barcelona na Tunis. Mstari wa kwanza una herufi KEN, kisha jina la ukoo, kisha alama mbili za <, kisha majina mengine. Tuchukue majina ya mfano. Kama wewe ni Mercy Wanjiku Kariuki, utaona KARIUKI<<MERCY<WANJIKU, halafu alama hizo zimejazwa hadi mwisho. Mstari wa pili una nambari ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa hati. Chipu iliyo ndani ya pasipoti hizi mpya, zilizoanza kutolewa 2017, imebeba habari hizo hizo.

Kampuni ya meli haiuzi chumba na chakula tu. Kabla meli haijaingia bandarini, ni lazima mamlaka za bandari hiyo zipelekewe orodha ya abiria. Mpangilio wa orodha hiyo unatokana na Mkataba wa 1965 wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa kurahisisha usafiri wa baharini: jina la ukoo, majina mengine, uraia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, aina na nambari ya hati ya kusafiria, bandari ya kupandia na ya kushukia. Orodha hii inajazwa kutoka kwa ile fomu mume wako aliyoijaza. Siku ya kupanda, mhudumu wa kaunta anaweka pasipoti yako kwenye skana, na kompyuta inalinganisha kilichosomwa na kilichoandikwa. Ikiwa orodha inasema NGANGA, tuseme ndilo jina la mumeo, na skana inasema KARIUKI, mhudumu ana abiria aliyelipa lakini hajafika, na mtu aliyefika lakini hajalipa. Huenda akawa na huruma, huenda akamwita msimamizi, huenda wakakubali cheti cha ndoa na kurekebisha pale pale. Lakini nyuma yako kuna maelfu ya watu, meli ina saa ya kung'oa nanga, na wewe umesafiri kutoka Nairobi hadi hapo kwa "huenda".

Na hapo nimechukulia kwamba umefika Barcelona. Shirika la ndege nalo hulinganisha tiketi na pasipoti, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu likimbeba abiria asiyekubaliwa kuingia linalazimika kumrudisha kwa gharama yake na linaweza kutozwa faini. Kwa hivyo kikwazo chako cha kwanza kiko uwanja wa ndege hapa Embakasi, si Uhispania.

Ndiyo maana nasema pasipoti ni kigingi na karatasi nyingine zote ni kamba. Huwezi kung'oa kigingi wiki 11 kabla ya safari kwa sababu kamba moja ilifungwa vibaya. Unafungua kamba, unaifunga upya.

Kamba ya kwanza ni fomu ya meli. Mwambie mume wako, au wakala, aombe marekebisho ya jina. Neno hilo ni muhimu: omba "marekebisho ya jina la abiria yule yule", usiseme mnabadilisha abiria. Kumbadilisha abiria ni kumpa mtu mwingine nafasi, na kunaweza kuhesabiwa kama kufuta na kulipia upya. Kurekebisha jina la mtu yule yule, mwenye tarehe ile ile ya kuzaliwa, kampuni nyingi za meli hufanya bila malipo au kwa ada ndogo, mradi hati za mwisho za safari hazijatolewa. Tuma nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti na nakala ya cheti cha ndoa ili waone kwa nini jina la kwanza lilikuwa tofauti. Kisha subiri uthibitisho mpya ulioandikwa, uusome mwenyewe. Wakala akikwambia kwa simu "imeshughulikiwa", mshukuru, halafu umwombe karatasi.

Kamba ya pili ni tiketi za ndege. Hata kama mlinunua safari nzima pamoja, kurekebisha jina kwenye meli hakurekebishi jina kwenye ndege. Hizo ni kompyuta mbili tofauti. Tiketi ikiwa bado haijakatwa, yaani kuna nafasi iliyoshikwa tu, ni kazi ya dakika chache. Ikiwa imekatwa, huenda wakalazimika kuikata upya na kukutoza. Lipa. Ni nafuu kuliko kununua nyingine siku ya safari.

Unapoikagua tiketi utaona vitu vinavyotisha bila sababu. Jina linaweza kuandikwa KARIUKI/MERCYWANJIKU MRS, majina mawili yameshikana kama neno moja. Hilo ni la kawaida, mifumo ya ndege haiachi nafasi kati ya majina. Na "MRS" mbele ya jina la babako si kosa: cheo si sehemu ya jina na hakimo kwenye mistari ile ya pasipoti. Kinachopaswa kukutisha ni jina la ukoo lisilo lako, herufi zilizorukwa, au majina yaliyogeuzwa, yaani Wanjiku amewekwa mahali pa jina la ukoo na Kariuki ametupwa. Sisi wenye majina matatu hutendewa hivyo mara nyingi na fomu zilizotengenezewa watu wa majina mawili. Fuata pasipoti inavyosema kwenye mstari wa jina la ukoo, usifuate unavyoitwa nyumbani.

Na kwa kuwa nimetoa mfano wa NGANGA, niseme neno kwa waume, maana kosa hili linaweza kuwa upande wake pia. Mtu anayeitwa Ng'ang'a, Nyang'au au Ong'ondo ana alama ya ritifaa ambayo mashine za pasipoti haziisomi. Kanuni ya ICAO ni kuiacha tu: Ng'ang'a huwa NGANGA. Kistari cha kuunganisha majina mawili hugeuzwa kuwa alama ya <. Kwa hivyo fomu ya intaneti ikikataa ritifaa, msihangaike na msiweke nafasi mahali pake, kwa sababu NG ANG A ni majina matatu mbele ya kompyuta. Andikeni NGANGA, kama mstari wa chini wa pasipoti yake unavyosema.

Viza ndiyo sehemu ninayotaka muikimbilie leo hii, si kesho. Kanuni za Schengen zinaruhusu kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kuvutwa hadi 45. Katikati hapo kuna kusubiri nafasi ya miadi, ambayo hapa Nairobi kuelekea Desemba huwa adimu. Ukipiga hesabu utaona kwamba wiki 11 zinatosha, lakini hazina mahali pa kuingiza kitambulisho kipya, kisha pasipoti mpya, kisha miadi. Huwezi kuomba pasipoti ya jina la mume kabla kitambulisho cha jina hilo hakijatoka, nawe bado una karatasi ya kusubiri tu. Watu walioomba pasipoti mwaka wa 2022 na 2023 wanakumbuka jinsi walivyosubiri miezi. Mambo yamekuwa nafuu tangu hapo, lakini siwezi kukushauri uweke fungate yako rehani kwa matumaini ya mashine ya kuchapisha.

Kwenye fomu ya viza hutakwama kwa jina, kwa sababu waliotengeneza fomu ile wanajua watu huoa na kuolewa. Kisanduku cha kwanza kinauliza jina la ukoo, cha pili jina la ukoo la kuzaliwa au majina ya awali, cha tatu majina mengine. Wewe utaandika KARIUKI cha kwanza, KARIUKI cha pili, MERCY WANJIKU cha tatu, na kwenye hali ya ndoa utasema umeolewa. Hakuna kilichofichwa, hakuna kilichogongana. Ambatisha cheti cha ndoa ili ionekane kwamba mwanamume wa jina jingine mnayelala chumba kimoja na anayelipia safari ni mumeo. Hapa ndipo cheti hicho kina nguvu zake: mbele ya afisa aliyekaa, mwenye faili na muda wa kusoma. Na kiwe cheti chenyewe, chenye nambari, kinachotambuliwa na Msajili wa Ndoa. Ile karatasi nzuri ya maua ambayo makanisa mengine hutoa iwe ya ukutani.

Jambo moja la Tunis. Tunisia haimo katika eneo la Schengen. Meli ikitoka Palermo kwenda Tunis umetoka Schengen, na ikirudi Barcelona unaingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja haitoshi. Ombeni ya kuingia mara nyingi, na siku mtakayoichukua tazameni kibandiko chenyewe: kama idadi ya kuingia imeandikwa 01, semeni pale pale kabla hamjaondoka, mnataka 02 au MULT. Pia iulizeni kampuni ya meli, kwa maandishi, kama abiria wa pasipoti ya Kenya anatakiwa kuwa na viza ya Tunisia hata asiposhuka. Kuhusu ubalozi wa kuomba, mkiwa hamna nchi moja mnayokaa zaidi ya nyingine, kanuni ni nchi ya kwanza kuingia. Kama ndege yenu inatua Paris au Amsterdam kwanza, kituo cha viza kipewe ratiba nzima kabla ya miadi waseme nchi ni ipi, usikisie.

Bima ya safari nayo, ambayo Schengen inataka ifidie angalau yuro 30,000, iandikwe jina la pasipoti. Hii husahaulika kwa sababu hununuliwa haraka kwa simu, na mume akiwa ndiye mnunuzi jina lake hujiandika lenyewe kwa wote wawili. Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, kama unacho, bila shaka kina jina la babako. Vizuri, kinafanana na pasipoti. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hivyo huhitaji kukifanya upya.

Unaniuliza kitambulisho kilicho njiani kitaharibu mambo? La. Kikitoka na jina la mume kabla hujaenda kwa miadi ya viza, utakuwa na hati mbili halali za majina mawili ya mtu mmoja. Nambari ya kitambulisho haibadiliki kwa kubadilisha jina, na hiyo husaidia. Weka nakala yake, cheti cha ndoa, na barua fupi ya aya moja inayoeleza kwamba umebadilisha kitambulisho baada ya ndoa na utabadilisha pasipoti baada ya safari. Usifiche. Lakini simamisha mengine yote kwa sasa: usiguse benki, usiguse mamlaka ya kodi, KRA, usibadilishe usajili wa laini ya simu. Taarifa za benki za miezi iliyopita zenye jina moja na pasipoti ndizo afisa wa viza anapenda kuona. Karatasi ya kusubiri kitambulisho si hati ya kusafiria, lakini pasipoti yako inakutosha kama kitambulisho katika wiki hizi.

Tupime upande wa pili pia, kwa sababu si kila msomaji yuko mahali ulipo wewe. Ningekwambia badilisha pasipoti kwanza kama safari ingekuwa baada ya miezi minane au zaidi, kitambulisho kipya kiko mkononi, na hakuna tiketi wala viza iliyotoka. Ningekwambia hivyo hivyo kama pasipoti ingekuwa inaisha karibu: Schengen wanataka iwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Yako ya 2029 inapita, ila hesabu kurasa. Kwa anayebadilisha, pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kwa jina la ndoa utapeleka kitambulisho kipya, cheti cha ndoa na pasipoti ya zamani. Hati ya kubadili jina inayochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ni ya anayebadilisha jina kwa sababu nyingine. Anayechukua jina la mume hutumia cheti cha ndoa.

Faida ya kubadilisha mapema ni kwamba ukishamaliza umemaliza. Hasara ni kwamba pasipoti ya zamani hufutwa, na viza zilizomo ndani zimeandikwa jina lile na nambari ile. Mwenye viza ya Marekani ya miaka mingi kwenye jina la baba anapaswa kulifikiria hili sana, kwa sababu Wamarekani wenyewe hushauri aliyebadilisha jina aombe viza mpya. Binafsi, mwanamke mwenye viza ya miaka mingi iliyobaki namwambia aliache jina la pasipoti lilivyo hadi viza hiyo iishe. Hakuna sheria inayomharakisha.

Najua kuna moyo ndani ya jambo hili pia. Mume wako aliandika jina lake kwa upendo na fahari, na huenda akajisikia kana kwamba unalirudisha. Mweleze kwamba ni karatasi tu ndizo zinazorudi nyuma kwa miezi michache. Kwenye meli hakuna atakayeuliza kwa nini wakazi wa chumba kimoja wana majina tofauti. Uhispania kwenyewe mwanamke akiolewa hubaki na majina yake ya ukoo, kwa hivyo ninyi ndio mtaonekana wa kawaida kule.

Kuna hali ambazo jibu la maandishi halitoshi. Kama tayari umewasilisha maombi ya pasipoti kwenye eCitizen bila kuniambia, nenda ofisi za Uhamiaji Nyayo House wewe mwenyewe, na risiti na tarehe ya safari mkononi, uulize yamefika wapi kabla hujaomba viza kwa pasipoti inayokaribia kufutwa. Kama viza ilishatoka kwa pasipoti ya zamani na mpya imeshachapishwa, andikia ubalozi uliotoa viza na usubiri jibu lao la maandishi. Kama majina kwenye pasipoti na kwenye cheti cha ndoa yanatofautiana kwa zaidi ya jina la ukoo, mathalani Mercy amekuwa Mercyline au Wanjiku hayupo kabisa, muone wakili akuandalie hati ya kiapo, na uulize kama cheti kinaweza kusahihishwa kwa Msajili. Na kama wakala wenu anasisitiza kwamba cheti cha kuzaliwa kinatosha baada ya kumwonyesha haya, nendeni ofisini kwake wote wawili mkaombe nambari ya uhifadhi wa safari, mzungumze na kampuni ya meli wenyewe.

Wiki hii basi: Jumatatu marekebisho ya meli, kabla ya Ijumaa tiketi za ndege, na miadi ya viza usiku wa leo, hata kabla uthibitisho wa jina haujafika, kwa sababu miadi unaichukua kwa nambari ya pasipoti na hiyo haibadiliki. Piga picha ukurasa wa pasipoti wenye picha, mume wako awe nayo kwenye simu yake na wewe uwe na ya kwake, kwani baadhi ya meli huchukua pasipoti za abiria siku ya kupanda na kuzihifadhi hadi ukaguzi wa bandari umalizike, nanyi mtashuka mjini na kadi ya meli tu. Uthibitisho mpya ukifika na una lolote usilolielewa, nitumie mistari ile ya majina, ukifuta nambari ya pasipoti, nami nitakusomea.